Etiketi Nyekundu kwenye Mashine Tatu

Siku baba yangu alipomaliza kazi alirudi nyumbani na vitu viwili: karatasi aliyoitia sahihi, na boksi la etiketi nyekundu. Karatasi ilisema kwamba anaiacha kampuni kwa hiari yake mwenyewe. Hiari ya namna ile sijaiona tena, ya watu kupanga mstari tangu alfajiri mbele ya dirisha moja, kila mmoja ameshika kofia yake mkononi. Etiketi hakupewa na mtu, alizichukua. Katika miaka yote aliyofanya kazi, hicho ndicho kitu pekee alichopata kuiba, na hata hicho alisema anakiokoa.

Alikuwa fundi wa matengenezo kwenye karakana ya kampuni kubwa ya migodi, ile ambayo bila yake Lubumbashi isingekuwapo. Kule karakana, mashine ikifunguliwa, fundi hutundika etiketi nyekundu kwenye swichi yake. Ni kipande cha karatasi ngumu chenye tundu na waya, na juu yake kuna mistari mitatu: jina, tarehe, sababu. Tangu hapo mashine ile ina mwenyewe. Mkubwa wa karakana hawezi kuiwasha, mhandisi hawezi, na hata mkurugenzi angekuja na tai yake angerudi nayo vilevile. Baba alikuwa na mwenzake aliyepoteza mkono kwa sababu mtu mmoja mwenye haraka aliondoa etiketi isiyokuwa yake. Kila alipotusimulia habari hiyo, alikuwa akiukunja mkono wake wa kulia kifuani bila kujijua.

"Ule alitia, njo ule anatosha," alikuwa anatuambia. Kwetu kutosha ni kutoa, na maneno hayo tuliyajua kabla hatujajua kusali.

Sheria ile aliileta mpaka nyumbani. Pasi ya mama iliungua uzi wa umeme, baba akaitundikia etiketi, kisha akasahau kununua uzi mwingine. Jumapili tatu mama alikwenda kanisani na kitenge chenye makunyanzi, na kila aliyemtazama alimwambia kwamba pasi yake iko likizo. Sisi watoto tulicheka, lakini hakuna aliyeigusa pasi.

Mwaka ule kampuni ilikuwa inakufa, na mtaa mzima tuliona. Posho ya unga ilikuwa imekoma zamani. Shule ya watoto wa wafanyakazi ilibaki na kuta na mwalimu mmoja. Bomba refu la moshi lililokuwa likitukohoza utotoni lilisimama tu, safi, na wazee walikuwa wakilitazama kila asubuhi wakitamani kukohoa. Wale waliopewa malipo ya mwisho walinunua kila mmoja kitu cha kumlisha. Jirani wa kushoto alinunua kinu cha kusaga mahindi. Jirani wa kulia akanunua kinu, na wa mbele naye akanunua kinu, mpaka mtaani kwetu vinu vikawa vingi kuliko mahindi.

Baba alisema yeye si mjinga wa kununua kinu. Alikuwa amepita mjini akaona duka lenye ordinateri, yaani kompyuta, vijana wameketi wanaendesha magari ya mbio kwenye vioo, na wengine wamesimama nyuma yao wanangoja zamu. Alirudi nyumbani ametoa macho.

"Bantu banangoya ku mustari," alimwambia mama. "Mustari, unanielewa? Ya mukate hapana. Ya muchezo."

Hivyo malipo yake ya mwisho yakaingia kwenye ordinateri tatu zilizotumika. Alizinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa Kivu ya Kaskazini, Mkristo mwenye sauti ya upole, aliyekuwa na depo ya jumla karibu na soko na lori lake mwenyewe. Alikuwa akiuza magodoro, sabuni, mabati, na chochote kilichokuwa kwenye kontena. Nilikuwapo siku hiyo, na yule bwana hakumdanganya baba hata kidogo.

"Hizi ni mashini za biro, za ofisi, muzee," alisema. "Ni za kuandika barua. Kama hazikupendeze, uzirudishe mbele ya mimi kumaliza huu muzigo, nitakupatia kitu ingine. Nikishamaliza, nafunga depo, nahama."

"Mashini ni mashini," baba akajibu.

Alisema vile kwa sababu nyumbani alikuwa na fundi wake, na fundi huyo ni mimi. Nilikuwa nimesoma informatiki chuoni mwaka mmoja na nusu, mpaka kampuni ilipoacha kuwalipa watu mishahara na mimi nikaacha kusoma. Nilikuwa nimepata kibarua kwenye sibere moja mjini, nikiuza dakika za intaneti na kubandua vitufe vilivyoganda soda. Baba hakujali kibarua. Kwake yeye nilikuwa mtu aliyesoma mashine hizi, na aliyesoma hukagua. Kama magari ya mbio yangekimbia kwenye vioo vile vitatu, tungekuwa na chumba cha michezo na tungekula. Yasipokimbia, hatukuwa na kitu kingine. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote pale nyumbani, na ndiyo maana niliyoyafanya baadaye hayana kisingizio.

Chumba cha mbele kikatolewa viti. Samaki wakavu wa Pweto ambao mama alikuwa akiuza sokoni walihamishiwa chumba cha kulala, kwa sababu baba alisema chumvi yao itaingia kwenye mashine. Mama alisema haya, mashine zilale kwenye hewa safi, yeye na mumewe watalala na samaki.

Tulikagua asubuhi, umeme ulipokuwapo. Baba alivaa kombati lake la bluu la kazini, lililofuliwa. Alikuwa amechora fiche kwa rula, mstari kwa kila kitu cha kukagua, akaketi karibu yangu na kalamu.

"Processeur?"

"Iko."

"Ku fiche habaandike 'iko'. Banaandika 'muzuri' ao 'mubaya'."

"Muzuri, papa."

"Mémoire?"

"Muzuri kidogo."

"Kidogo haiko ku fiche."

Nikasema mzuri. Tukaenda hivyo mpaka sauti, kibodi, diski. Kisha nikafungua orodha ya vifaa, mahali ambapo mashine inaeleza yenyewe inachokijua na isichokijua, na pale kwenye picha kulikuwa na alama ndogo ya njano. Nikamweleza baba kwamba haina pilote, yaani ile programu ndogo inayoiwezesha mashine kuongea na kifaa chake cha picha. Bila pilote maandishi yataonekana, lakini mchezo hautaanza. Mashine ya pili ilikuwa vilevile, na ya tatu pia.

"Mubaya," akaandika mara tatu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshiba. Fundi hufurahi akiona kosa, maana kosa lililoonekana ni nusu ya kazi. Akanisogezea boksi. "Tia etiketi."

"Mi?"

"Nani anakagua? Wewe njo unakagua, wewe njo unatia."

Nikaandika jina langu kwenye etiketi tatu, nikaandika sababu: haina pilote. Baba akazisoma, akanirudishia ya pili kwa kuwa nilisahau tarehe. Nikazifunga kwa waya kwenye vitufe vya kuwashia. Kabla hatujaondoka alichukua bisibisi akafungua ubavu wa mashine moja, atazame tu, kama mtu anayeinua kifuniko cha sufuria ya mwenzake. Akaweka kidole kwenye tundu refu lililokuwa tupu.

"Na hii nafasi, ni ya nini?"

"Ya akiba, papa."

"Hakuna mashini yenye banaachaka nafasi ya bure," akasema, akafunga ubavu.

Sikumdanganya siku ile. Nilidhani kweli ni ya akiba. Mwaka mmoja na nusu wa chuo ulinipa maneno mengi kuliko maarifa, na maneno yalinitosha kumnyamazisha mtu aliyefungua mashine tangu kabla sijazaliwa.

Pilote niliitafuta kule sibere. Laini ilikatika mara tatu, na kila ilipokatika faili ilirudi mwanzo. Siku ya tatu nikaipata nzima, nikaichoma kwenye diski, nikaomba ruhusa, nikarudi nyumbani mchana nikiwa karibu kukimbia. Baba hakuwapo, alikuwa amekwenda kumzika mwenzake wa karakana. Miezi ile wenzake walizikwa sana. Mtu alisaini karatasi, akakaa nyumbani wiki chache, tukasikia ameanguka bafuni. Mama alikuwa sokoni. Nikaondoa etiketi zangu, nikatia pilote kwenye mashine ya kwanza, nikaizima, nikaiwasha, na ile alama ya njano haikuwapo. Nikafanya ya pili na ya tatu. Nilicheka peke yangu chumbani. Katika hadithi hii yote furaha yangu ni hiyo, na nimeisema.

Nikatia diski ya mchezo niliyoiazima sibere. Kioo kikawa cheusi, kikakaa cheusi, kisha yakatokea maandishi ya Kifaransa kwamba kadi ya picha ya mashine hii haifai. Nikajaribu mashine ya pili, nikajaribu ya tatu, halafu nikarudi ya kwanza kana kwamba imeshapata muda wa kujirekebisha. Nikaligeuza ganda la mchezo. Nyuma, kwa herufi ndogo kabisa, waliandika kwamba unahitaji kadi ya picha ya kuchomekwa peke yake. Nikachukua bisibisi ya baba, nikafungua ubavu, nikalitazama lile tundu refu.

Lilikuwa la kadi hiyo. Mashine za ofisi hutengenezwa bila kadi, kwa kuwa barua haihitaji. Pilote niliyoihangaikia siku tatu ilikuwa inafanya kazi yake vizuri sana, kwa kile kifaa kidogo cha picha kilichomo ndani ya mashine. Ila haiwezi kuendesha kifaa ambacho hakipo. Na kadi zile, mwaka ule, mjini kwetu, tatu kwa mpigo, bei yake ilikuwa ya watu wengine. Kitu cha kufanya kilikuwa kimoja: kuzirudisha kwa yule bwana wa Kivu atupe kitu kingine, hata kama ni kinu.

Nikazitundika tena zile etiketi. Nilikuwa nasokota waya wa tatu baba alipoingia, udongo mwekundu wa makaburini kwenye viatu vyake vya misa. Akasimama mlangoni.

"Bado?"

"Bado, papa."

"Pilote?"

"Pilote."

Nilijiambia kwamba siku ya maziko haifai. Nitamwambia kesho. Kesho yake nilimkuta anapaka chokaa ukuta wa chumba cha mbele. Kesho kutwa alikuwa anapiga msumari kwenye vibanda vitatu vya mbao alivyovitengeneza ili kila mchezaji asimchungulie mwenzake. Kila siku aliongeza kitu, na kila kitu alichoongeza kilinifunga mdomo zaidi. Lakini si huruma peke yake, niseme ukweli. Kampuni ilimwambia hakuna, chuo kikaniambia mimi hakuna, na sikutaka sasa mwenye kusema hakuna awe binti aliyesoma. Nilikuwa na majivuno. Niliyaficha nyuma ya huruma, na yakakaa pale vizuri.

Baba mwingine yeyote wa Lubumbashi angewasha mashine zile siku ya pili, etiketi au hakuna etiketi, akaona mwenyewe kioo cheusi. Wangu hakugusa. Kila asubuhi alivaa kombati, akapangusa vumbi juu ya mashine, akizungusha kitambaa kando ya waya wangu, akaketi kwenye benchi lake jipya. Majirani walipomuuliza atafungua lini, alijibu kwamba mashine ziko kwa ukaguzi. Alilisema neno ukaguzi kwa heshima kabisa. Siku moja mwenye kinu wa kushoto aliingia, akanyoosha kidole kwenye kitufe kwa utani tu, na baba akamkamata kifundo cha mkono.

"Haiko na jina yako," akamwambia.

Jina lilikuwa langu. Wiki ya nne mama alirudi sokoni akasema yule bwana wa Kivu anamaliza. Depo imebaki na magodoro machache na mabati, na lori limeoshwa. Tulikuwa tunakula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Mama alimtazama baba.

"Kama zile mashini haziko sawa, enda leo."

"Kama haziko sawa, mwenye kukagua angesema," baba akajibu, akachovya tonge lake.

Nilikuwa na bukari mkononi. Ile ndiyo ilikuwa nafasi yangu, Mungu aliiweka mezani pamoja na chakula, na mimi nikatafuna. Mpaka leo nikila sombe kuna wakati naisukuma sahani kando, na watu hudhani ni pilipili.

Nilimwambia siku mbili baadaye, asubuhi. Alikuwa anatia mafuta kwenye bawaba za mlango ili wateja wasisikie kelele. Nikasema haraka, nikiutazama ule mlango: mashine haziwezi mchezo, hazina kadi, si shauri la pilote, hazitaweza.

"Ulijua siku gani?"

"Siku ya maziko."

"Siku ya maziko," akarudia. Akaweka chini kopo la mafuta, akajifuta mikono kidole kwa kidole, akachukua koti lake. Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele. Depo ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na mbele ya mlango kulikuwa na nyasi za kufungashia na kipande cha kamba. Mama mmoja aliyekuwa akiuza makaa pembeni alituambia lori lilipakia vitu vya nyumbani, watoto wakakaa juu, likaondoka jana asubuhi. Hakujua walikokwenda. Baba akaweka kiganja kwenye bati la mlango, akakiacha pale kidogo. Tukarudi kwa barabara ileile. Tulipofika chini ya bomba la moshi alisema maneno mawili tu.

"Ile nafasi."

"Ndiyo, papa," nikasema.

Nyumbani aliniambia nitoshe etiketi zangu. Nilizisokotoa waya moja moja, naye alisimama akingoja nimalize zote tatu, maana asingeweza kuweka mkono wake mahali palipokuwa na jina langu. Hata siku ile. Kisha akachukua etiketi tatu mpya kwenye boksi, akaketi mezani, akaandika kwa kalamu yake ya wino, ya siku za mshahara. Akaandika jina lake, na tarehe. Kwenye sababu akaandika: inangojea kifaa.

Maneno hayo niliyafahamu. Miaka ya mwisho ya karakana yalikuwa yameandikwa kila mahali. Mashine ilikufa, kifaa kikaagizwa, kifaa hakikuja, na fundi akaandika vile kwa sababu fiche haina mstari wa kuandika kwamba mambo yameisha. Baba aliwahi kutuambia kwamba mwishoni etiketi zilikuwa nyingi kuliko mafundi, na nyingine zilikuwa na majina ya watu waliokwisha kufa.

Ningependa anipige. Hakunipiga, hakupaza sauti, na hakulitaja jambo lile tena. Lakini tangu siku hiyo, nikimwambia ni saa nne, alikuwa anaitazama saa yake. Nikimwambia mvua imekatika, alikwenda mlangoni kutazama. Hakufanya kwa ubaya, alikuwa anakagua.

Baada ya miezi kadhaa alikwenda upande wa Kipushi pamoja na wenzake wa zamani, kuchambua mawe kwenye malundo ambayo kampuni iliyatupa. Mtu aliyetengeneza mashine za kuponda mawe sasa aliyaponda kwa nyundo. Alikuwa anarudi Jumamosi, amevaa lile kombati la bluu, ambalo sasa halikuwa la bluu, na kikohozi alichokikosa bomba lilipozima kikamrudia, cha namna nyingine. Mashine zikakaa kwenye vibanda vyao. Mama hakuwarudisha samaki chumba cha mbele, ingawa hakuna aliyemkataza.

Mwaka uliofuata, kule sibere, mwenye duka alitupa mashine yake ya zamani iliyoungua. Ndani yake kulikuwa na kadi ya picha. Nilimwomba, akanipa bila kuuliza. Niliijaribu palepale kwenye mashine nyingine, nikatia pilote yake, nikaanzisha mchezo, na magari yakakimbia. Kadi moja, kwa mashine moja kati ya tatu. Nikaifunga ndani ya soksi nikaenda nayo nyumbani.

Ilikuwa Alhamisi. Nilisimama mbele ya mashine ya kwanza na koleo mkononi, nikaisoma ile etiketi. Jina la baba, mwandiko wa baba.

"Kata tu, mama," mama yangu akaniambia kwa upole. "Eko Kipushi. Akuje akute inatembea."

Sikukata. Nilikuwa nimevunja kila kitu katika jambo lile, nikaona walau hili nilifanye kwa utaratibu. Jumamosi atakuja, nitamwonyesha kadi, nitamwonyesha kwamba nimeijaribu, naye ataondoa etiketi kwa mkono wake. Nilitaka kuuona mkono ule ukisokotoa waya. Heshima ilikuwapo, lakini zaidi nilikuwa naomba msamaha kwa njia isiyonilazimu kusema neno. Siku mbili si kitu, nilifikiri.

Jumamosi walimleta kwa pikipiki, katikati ya watu wawili wanaomshika, wakapitiliza naye moja kwa moja mpaka hospitali. Kifua kilikuwa kimejaa. Jumapili nilikwenda na ile soksi. Alikuwa ameegemea ukuta, mashavu yamebonyea, lakini nilipoitoa kadi alinyoosha mkono. Akaigeuza. Akapitisha kidole gumba kwenye meno ya shaba ya ile kadi, akapuliza vumbi.

"Ya ile nafasi?"

"Ya ile nafasi."

"Ulijaribu?"

"Nilijaribu, papa. Inatembea muzuri."

Akanitazama muda mrefu. Mama alikuwa ameketi upande wa pili wa kitanda, na mimi nilingoja amgeukie, amuulize kama ni kweli. Sijui kama angemgeukia. Kikohozi kilimkamata, na kilipomwachia alinirudishia kadi.

"Usiguse," akasema. "Nikirudia, nitatosha mwenyewe."

Hakurudi. Tulimzika karibu na wenzake wa karakana. Mpaka leo sijui maneno yale yalikuwa ya namna gani: kama alitaka furaha ya kuiwasha mwenyewe, au kama hakuniamini. Nimeyageuza pande zote, na siku nyingine yanasema hivi, siku nyingine vile. Usiku na mchana ni mimi peke yangu ninayeyajibu.

Sasa nina meza yangu mjini, na mkate wangu ni ukaguzi. Vijana wananiletea ordinateri zao, wanauliza swali lilelile: itacheza? Ninafungua ubavu kwanza, kabla ya kuwasha, natazama kama nafasi ina kitu ndani. Kama haina, namwambia mtu palepale kwamba hapana. Wengine wanaona nina ukali, kwamba nakata tamaa ya mtu kabla hajaketi. Mimi naona nimewahi kuchelewa vya kutosha.

Mashine tatu bado ziko kwa mama, kwenye vibanda. Mchezo ule hakuna anayeutaka tena, na hata zikiwaka leo hakuna atakayesimama kwenye mstari. Mwaka jana alipita mnunuzi wa vyuma chakavu, akakubali kuzichukua zote, akainama kukata waya wa ya kwanza. Mama akamzuia.

"Mwenyewe hayarudia," akamwambia, na yule mtu akaomba radhi akaondoka, akidhani mwenyewe yuko safarini.

Nikienda kumsalimia mama ninazikuta mashine zimepanguswa vumbi, vioo na vitufe, isipokuwa pale kwenye waya. Wino umefifia lakini unasomeka. Inangojea kifaa. Kifaa kiko kwenye droo ya meza yangu mjini, ndani ya soksi, na pilote yake ninayo.